Kabla ya Kuuliza "Natumia Programu Gani?", Uliza Bango Litakaa Wapi

Wiki moja kabla ya kuonyesha filamu yetu fupi hapa chuoni, nilipanda daladala hadi mjini kuchukua bango. Nilikuwa nimelitengeneza mwenyewe kwa simu, usiku mmoja, nikiwa nimejilaza kitandani hosteli. Kwenye kioo cha simu lilikuwa linawaka: mzee wa mtumbwi anatazama bahari, nyuma yake pantoni inavuka usiku kwenda Kigamboni, na juu jina la filamu kwa herufi kubwa za njano. Kwenye grupu letu la WhatsApp watu walirusha makofi na moto mpaka nikajiona fundi.

Fundi mwenyewe alilikunjua juu ya meza. Karatasi ya A1. Uso wa mzee ulikuwa umegeuka vigae. Njano ya jina imefifia kama chai iliyozidi maziwa. Pantoni haionekani kabisa, imemezwa na weusi. Na majina yetu pale chini yamekuwa safu ya sisimizi.

"Mdogo wangu," akaniambia, wala hakucheka, "hii umeitengenezea WhatsApp. Mimi nimechapa ulicholeta."

Ilikuwa michango ya watu saba, tena wiki ambayo bumu lilikuwa bado halijatoka. Nikarudi chuoni na hitimisho moja kichwani: programu ndiyo mbaya. Hitimisho hilo lilikuwa la uongo, na lilitugharimu kitu kikubwa kuliko zile hela. Nitalieleza huko mbele. Kwanza nimsaidie mwanachuo mwenzangu mwenye filamu yake, iwe ya dakika tano au ya saa nzima, ambaye sasa hivi anauliza kwenye magrupu: "Jamani, bango la filamu mnatumia programu gani?"

Lengo kwanza, zana baadaye

Sisi wa ualimu tunafundishwa jambo hili mpaka tunalichoka. Kwenye andalio la somo unaanza na lengo mahususi: mwisho wa kipindi mwanafunzi ataweza kufanya nini? Zana za kufundishia zinakuja baadaye. Mwalimu anayeanza na zana, eti nina projekta basi leo natumia projekta, anaishia kuwaonyesha watoto picha nzuri na hakuna aliyejua kugawanya sehemu.

Bango ni hivyo hivyo. Kule Ghana, kuanzia miaka ya 1980, kulikuwa na watu waliozunguka miji na vijiji na televisheni, deki ya video na jenereta, wakionyesha filamu kwa kiingilio. Mabango yao yalichorwa kwa mkono, kwa rangi ya mafuta, juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja. Kwa nini magunia? Kwa sababu yanapatikana, yanakunjwa na kubebwa, na ukiyatundika nje hayachaniki kama karatasi. Waliangalia bango litaishi wapi, ndipo wakachagua pa kuchorea. Leo magunia yale yanatafutwa na wakusanyaji wa sanaa dunia nzima.

Kwa hiyo kabla ya kupakua chochote, jibu maswali manne.

Swali la kwanza: litaonekana wapi?

Picha ya kidijitali imeundwa na vidoti vya rangi vinavyoitwa pikseli. Kinachobadilika ni idadi yake. Bango langu la simu lilikuwa na pikseli 1080 kwa upana na 1350 kwa urefu, kipimo cha kawaida cha picha ya wima ya Instagram. Kwenye simu hiyo inatosha kabisa. Lakini A1 ina upana wa milimita 594, yaani kama inchi 23.4. Gawanya 1080 kwa 23.4 upate pikseli 46 tu kwa kila inchi. Kazi ya kutazamwa kwa karibu huhitaji kama 300 kwa inchi. Bango la ukutani, ambalo mtu analitazama akiwa hatua mbili tatu mbali, linaweza kuridhika na 150. Mimi nilipeleka 46. Vigae vile vilikuwa hesabu ya darasa la saba.

Kariri namba moja tu: 3508 kwa 4961. Hizo ndizo pikseli za karatasi ya A3 kwa kiwango cha 300. Na kwa kuwa A1 ina upana na urefu mara mbili ya A3, faili hilo hilo linakupa A1 kwa kiwango cha 150. Faili moja, kazi mbili. Ukitaka ya WhatsApp, unalipunguza mwishoni. Kupunguza hakuna shida. Kukuza ndiko kunakoumbua.

Hapa kuna mtego mwingine ambao hakuna programu itakayokutoa. Mimi nilichukua picha ya mzee kutoka ndani ya video, nikasimamisha na kukata. Video yetu ni ya pikseli 1920 kwa 1080. Ukiikata iwe ya wima unabaki na kama 764 kwa 1080, na ukiitandaza kwenye A3 unapata pikseli 65 kwa inchi. Bado vigae. Dawa yake haipo kwenye kompyuta, ipo siku ya kurekodi: mtu mmoja apewe kazi ya kupiga picha za mnato hapo hapo mnaporekodi. Hata simu ya megapikseli 12, ambayo hutoa picha ya kama 3000 kwa 4000, inafikisha pikseli 240 kwa inchi kwenye A3. Hiyo unachapa bila aibu.

Swali la pili: limejengwa kwa nini?

Programu za usanifu zimegawanyika katika koo mbili kubwa, na watu wengi wanazichanganya.

Ukoo wa kwanza unafanya kazi na pikseli. Hizi ni za picha: kukata mtu kutoka kwenye mandhari, kubadilisha mwanga, kuunganisha anga la picha hii na bahari ya picha ile. Humo wamo Photoshop, GIMP, Photopea na Krita. Ukoo wa pili ni wa vekta. Huko umbo halihifadhiwi kama vidoti bali kama maelezo ya kihesabu: mstari uanzie hapa, upinde hivi, uishie pale. Ndiyo maana vekta unaweza kuikuza kutoka ukubwa wa stempu hadi ukubwa wa ukuta na ukingo wake ukabaki mkali. Humo wamo Illustrator, Inkscape na CorelDRAW.

Bango la filamu linahitaji koo zote mbili. Uso wa mhusika ni pikseli, hakuna namna. Lakini jina la filamu na ile orodha ya majina chini vinatakiwa kuwa vekta. Majina yetu yaligeuka sisimizi kwa sababu nilihifadhi kila kitu kama picha moja ya JPG, herufi na uso vikasagwa pamoja.

Kama filamu yenu inaendana na mchoro badala ya picha, basi vekta peke yake inatosha. Saul Bass, msanii wa Marekani, alitengeneza bango la Anatomy of a Murder mwaka 1959 kwa maumbo bapa ya mwili uliokatwa vipande, kama karatasi iliyopitiwa na mkasi. Hakuna sura ya mwigizaji hata mmoja, na mpaka leo mtu akiliona analijua. Ninalitaja kwa sababu bango la namna hiyo halikudai kamera ya gharama wala mashine yenye nguvu. Linadai wazo. Hapa kwetu tumezoea mtindo wa makasha ya DVD za Bongo Movie, nyuso sita zimepangana kila mmoja na hasira zake. Si dhambi, ila ujue unajiongezea kazi ya picha sita zinazotakiwa zote kuwa safi.

Swali la tatu: nani atalichapa, na anapokea nini?

Hili ndilo swali ambalo hatuulizi kabisa. Piga simu au pitia kwa mchapaji kabla hujaanza. Muulize mambo matatu: anapokea faili la aina gani, karatasi yake kubwa ni ipi, na anataka nafasi kiasi gani ya kukatia pembeni. Mara nyingi jibu la mwisho huwa milimita 3 kila upande, ili kisu kikiteleza kidogo pasibaki mstari mweupe. Kwa hiyo A3 yako unaitengeneza kwa milimita 303 kwa 426, na maandishi unayaweka mbali na ukingo.

Kisha kuna rangi. Kioo cha simu kinachanganya mwanga mwekundu, kijani na bluu. Huo ni mfumo wa RGB. Mashine ya kuchapa inachanganya wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Huo ni CMYK. Wino hauwezi kufikia baadhi ya rangi kali za mwanga, hasa kijani kinachowaka na bluu ya umeme. Tena karatasi haina taa nyuma yake, kwa hiyo picha ya usiku iliyoonekana vizuri kwenye simu yenye mwanga wa juu inazama yote. Pantoni yangu ilizama namna hiyo. Siku hizi picha ya usiku naiongezea mwanga makusudi, na kabla ya kuchapa kubwa naomba A4 moja ya majaribio.

Upande huu programu zinatofautiana. Krita na Scribus zina CMYK. GIMP hufanya kazi zake kwa RGB, ingawa inakuruhusu kuchungulia mwonekano wa karatasi. Canva ya bure inatoa PDF ya kuchapa, lakini kuchagua CMYK ni kwa wanaolipia. Hilo lisikutishe. Kwa bango la A3 mbili tatu za mlangoni, wachapaji wengi watakugeuzia wenyewe, ilimradi uliona A4 ya majaribio na umeridhika.

La mwisho hapa ni herufi. Mashine ya mchapaji ikiwa haina fonti yako, inaweka yake, na jina la filamu linageuka barua ya ofisi. Toa faili kama PDF iliyobeba fonti ndani, au kwenye Inkscape geuza herufi kuwa maumbo kabla ya kuhifadhi. Fonti nyembamba ndefu za kwenye orodha ya majina zipo za bure na halali, kama Oswald na Bebas Neue. Ila sisi wa Kiswahili tuna mtihani wetu: ritifaa, kile kialama cha juu kwenye ng'. Jina la filamu yetu lina neno Ng'ambo, na fonti ya kwanza niliyoipenda haikuwa na alama hiyo. Ilitoa kisanduku kitupu. Kabla hujaipenda fonti, andika kwanza ng'ombe, ng'ambo na ung'avu uone inasemaje.

Swali la nne: una mashine gani na hela gani?

Tuseme ukweli wa mfukoni. Photoshop na Illustrator ni nzuri, hakuna ubishi, lakini tangu mwaka 2013 Adobe ilihamia kwenye utaratibu wa kulipia kila mwezi au kila mwaka. Ukiacha kulipa, programu inafungwa. Kwa mtu anayetengeneza mabango mawili kwa mwaka, hesabu hiyo haikai.

Kuna nguvu ya mashine pia. Picha ya 3508 kwa 4961 ina pikseli zaidi ya milioni 17, na tabaka moja lililojaa linaweza kuchukua kama MB 70 za kumbukumbu. Weka matabaka kumi, hizo ni MB 700 kabla hujafungua brauza. Kompyuta mpakato ya GB 4 itaweza, ila itakohoa. Unganisha matabaka uliyomaliza nayo, funga madirisha mengine, hifadhi kila baada ya dakika chache.

Zilizo bure kihalali ni hizi. GIMP ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ikatoka hadharani mwaka 1996. Ni kazi ya wanachuo kama sisi, na bado ni bure. Inkscape ni ya vekta, Krita ni ya wachoraji, Scribus ni ya kupanga kurasa. Photopea haipakuliwi, inafunguka ndani ya brauza, inasoma mafaili ya Photoshop, na kazi yako inabaki kwenye mashine yako. Bando linatumika kuifungua tu, pamoja na matangazo utakayovumilia. Affinity, ambayo zamani ilikuwa ya kununua, ilichukuliwa na Canva mwaka 2024, na tangu Oktoba 2025 inatolewa bure. Ina picha, vekta na upangaji wa kurasa mahali pamoja, ila inataka mashine yenye nguvu kiasi.

Simu nayo usiidharau. Canva, iliyozinduliwa mwaka 2013, ilitokana na Melanie Perkins wa Australia, aliyekuwa akiwafundisha wanafunzi wenzake wa chuo kikuu programu za usanifu na kuona muda mwingi unaishia kutafuta vitufe viko wapi. PixelLab nayo ipo kwenye simu nyingi za Android. Kama bango lako litaishia kwenye status na magrupu, simu inatosha, wala usimsikilize anayekucheka. Sharti ni moja: weka ukubwa sahihi mwanzoni kabisa, maana kwenye Canva kubadili ukubwa wa kazi uliyokwisha kuianza ni kwa wanaolipia. Na ukilituma kwa WhatsApp, litume kama hati. Ukilituma kama picha, linabanwa.

Kile tulichopoteza

Sasa nirudi kwenye hitimisho langu la uongo. Niliporudi na lile bango baya, niliwaambia wenzangu programu ya simu ni ya kitoto, tunataka ile wanayotumia wakubwa. Ya kulipia, na hela hatuna. Mmoja akasema mbona ya bure ipo mtandaoni, iliyovunjwa kufuli, kraki. Tukapakua kwenye kompyuta ya mhariri wetu kwa kuwa ndiyo yenye nguvu. Maelekezo yalisema nizime kwanza kinga ya virusi. Mimi ndiye niliyebonyeza. Mwalimu mtarajiwa, nikaizima.

Asubuhi mafaili yote yalikuwa yamefungwa, na katikati ya kioo kuna ujumbe unaodai malipo. Filamu tulikuwa na nakala ya siku tisa nyuma kwenye diski ya nje, kwa hiyo mhariri alirudia kazi usiku nne mfululizo. Lakini sauti ya mzee wa mtumbwi, akisimulia alivyokuwa akivusha watu kwa kasia, tulikuwa tumeirekodi wikiendi iliyopita tu. Ilikuwa kwenye mashine ile peke yake. Kadi ya kinasa sauti ilishafutwa ili kurekodia mihadhara. Mzee naye alishahamia Mafia kwa binti yake, na namba tuliyokuwa nayo haikupatikana tena.

Filamu yetu ilikuwa ianze na sauti yake. Sasa inaanza na mawimbi, na watu wengine wamesifia eti ni ubunifu.

Kinachoniuma zaidi ni mambo mawili. Kwanza, hata kama ile kraki ingefanya kazi, isingesaidia chochote. Picha ilikuwa bado ni ile ya kukatwa kwenye video, na programu ya wakubwa isingeongeza pikseli ambazo kamera haikuzipiga. Pili, chini ya lile bango tulikuwa tumeandika: hairuhusiwi kunakili filamu hii bila idhini. Tunaomba watu waheshimu jasho letu, huku tunalitengenezea tangazo kwa jasho la wengine tulilolivunjia kufuli.

Tulivyofanya mwishowe

Bango la pili nililitengeneza kwa siku mbili kwenye mashine ya kuazima ya GB 4. Mpiga kamera wetu alikuwa na picha moja ya mzee aliyoipiga kwa simu wakati wa mapumziko, bila kuagizwa. Nikaisafisha kwenye GIMP. Nikaipeleka Inkscape, nikaweka jina na orodha ya majina huko, nikageuza herufi kuwa maumbo, nikatoa PDF. Nilimpigia fundi kabla. Tukachapa A4 ya majaribio, nikaongeza mwanga kwenye pantoni, kisha A3 tatu: mlango wa ukumbi, kantini na maktaba. Siku ya onyesho, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza nisiyemjua alisimama mbele ya ile ya maktaba akasoma majina yote mpaka la mwisho.

Ukinibana nikupe jibu fupi, ni hili. Bango la mtandaoni tu: simu yako, kwa ukubwa sahihi. Bango la kuchapa lenye picha: GIMP au Photopea, kisha Inkscape kwa maandishi. Bango la mchoro: Inkscape au Krita. Mchapaji akisisitiza CMYK: pitishia Scribus au Krita. Mwenye mashine nzuri: Affinity. Lakini majibu haya hayana maana kama hujajua linakwenda wapi, limejengwa kwa nini, nani atalichapa na una mashine gani.

Mhariri wetu hakuongea na mimi wiki mbili, na alikuwa na haki. Makala hii nimempa aisome kabla sijaituma. Akaniambia ni sawa, ila niongeze sentensi moja: kila kitu kiwe na nakala mbili, sehemu mbili tofauti, siku hiyo hiyo mliyorekodi. Nimeiongeza.